Faili la CSV Limefika: Namna ya Kuliingiza kwenye Hifadhidata Bila Kuharibu Namba za Watu

Wasomaji wa Kibondo na Kasulu mnauliza jambo moja kwa maneno tofauti. Wengine ni makarani wa takwimu wa vituo vya afya, wengine mnatunza daftari la chama cha wafugaji nyuki au duka la vifaa vya ujenzi, na wengine mko kwenye mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi za Nduta na Nyarugusu. Mmepewa faili la CSV, mmeliingiza kwenye hifadhidata, na sasa namba za simu zimepungua tarakimu, tarehe zimegeuka, majina yana alama za ajabu.

Mara nyingi hifadhidata haina kosa. Faili liliharibika kabla halijafika huko. Kwa hiyo nusu ya ushauri huu unahusu mambo ya kufanya kabla ya kuandika amri yoyote.

Mifano yangu ni ya PostgreSQL. MySQL, au MariaDB inayokuja na XAMPP, nitaitaja pale inapokwenda njia yake. Faili letu la mfano ni `asali.csv` la kikundi cha kubuni cha wafugaji nyuki, lenye namba ya stakabadhi, jina, namba ya NIDA, simu, kata, tarehe, kilo na malipo.

## Usilifungue kwa kubonyeza mara mbili

Ukibonyeza mara mbili faili la CSV, kompyuta nyingi hulifungua kwa Excel. Mara nyingi Excel haikuulizi, inakisia kila kisanduku kina nini na kukibadilisha. Ukibonyeza kuhifadhi, umeandika makisio yake juu ya faili la asili. Haya ndiyo yanayotokea:

- Namba ya NIDA. Ina tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazigeuza sifuri. Kwa hiyo `19870714000001234567` inakuwa `19870714000001200000`. Ikiwa imeandikwa kwa vistari, inasalimika, kwa sababu Excel inaiona kama maneno.
- Simu. Inayoanza na 0754 inabaki 754. Iliyoanza na +255 inapoteza alama ya kujumlisha.
- Vipimo. Bomba la 1/2 linageuka tarehe. Wenye maduka ya vifaa Kasulu mnajua ninachosema.
- Tarehe. Kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani, 03/04/2024 inasomwa 4 Machi badala ya 3 Aprili. Lakini 25/04/2024 haiwezekani kwa mpangilio huo, kwa hiyo inaachwa ilivyo. Matokeo yake safu moja ina tarehe zilizogeuzwa na zisizogeuzwa, na kwa macho zote zinaonekana sawa.

Sifuri ya simu inarudishika. Tarakimu tano za NIDA hazirudi. Huwezi kuzikisia, na usimruhusu mtu akuambie kuna fomula. Ukiona safu ya NIDA ambayo karibu kila namba inaishia `00000`, acha kazi, tafuta faili la asili. Kama halipo, toa orodha ya watu hao kata kwa kata na uombe namba upya.

Unataka kulitazama tu? Tumia Notepad, Notepad++ au LibreOffice, ambayo kabla ya kufungua inakuuliza kila safu iwe ya aina gani. Chagua maandishi kwa zote. Kama ni lazima Excel, fungua ukurasa mtupu, nenda menyu ya Data, chagua From Text/CSV, kisha kila safu uipe aina ya Text. Na kabla ya hayo yote tengeneza nakala ya faili, uiite `asali_asili.csv`, uifanye isomeke tu, usiiguse tena.

## Lijue faili lako

Fungua nakala ya kazi, yaani `asali.csv` yenyewe, kwa Notepad, tazama mistari kama kumi ya juu na kumi ya mwisho. Unatafuta mambo manne.

1. Kitenganishi. Jina CSV linadokeza mkato, lakini maisha hayako hivyo. Kompyuta zilizowekwa kwa Kifaransa hutenganisha safu kwa nukta mkato, kwa sababu mkato wanautumia kwenye desimali: kilo `12,5` kwao ni kumi na mbili na nusu. Huku kwetu, Burundi iko jirani na Kongo iko ng'ambo ya ziwa, mafaili ya namna hii yanafika kila mara. Mengine hutenganishwa kwa Tab, ambayo kwa macho ni nafasi tupu.

2. Usimbaji wa herufi. Kona ya chini kulia ya Notepad za siku hizi imeandikwa UTF-8 au ANSI. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, ndiyo maana karani wa Dodoma anaweza kufanya kazi hii miaka bila kukutana na tatizo. Wewe una akina Désiré na Émile kwenye orodha. Ukiona `DÃ©sirÃ©`, faili ni la UTF-8 lililosomwa kama ANSI. PostgreSQL ikikukatalia kwa `invalid byte sequence for encoding "UTF8"`, mara nyingi ni kinyume chake: faili ni la ANSI, nawe umesema ni UTF-8. Dawa ni kuitajia usimbaji halisi, kwa kawaida `WIN1252`. Usiende kufuta alama kwenye majina ya watu ili mashine iridhike.

3. Alama za funga na fungua semi. Kisanduku chenye kitenganishi ndani yake lazima kizungushiwe `"`. Malipo ya `45,000/=` kwenye faili la mkato, bila semi, yanakuwa safu mbili. Na alama ya inchi kwenye `bomba 1/2"` inaweza kuifanya mashine idhani semi zimefunguliwa, ikameza mistari yote inayofuata ikitafuta zinapofungwa. Ndani ya semi, alama hiyo huandikwa mara mbili: `"bomba 1/2"""`. Inatia kichefuchefu kuitazama, lakini ndivyo maelezo ya RFC 4180 ya mwaka 2005 yalivyo.

4. Mstari wa mwisho. Mara nyingi una neno "JUMLA" na hesabu. Ufute kwenye nakala ya kazi, ila jumla yenyewe iandike kwenye karatasi. Utaihitaji.

Andika pia idadi ya mistari. Kwenye Windows:

```
find /c /v "" asali.csv
```

Kwenye Linux ni `wc -l asali.csv`. Toa mmoja wa vichwa vya safu.

## Jedwali la mapokezi, kila kitu maandishi

Kama kuna hatua moja ya kushika, ni hii. Usiingize faili moja kwa moja kwenye jedwali halisi. Asali ikifika kituoni na masega, nta na nyuki waliokufa, hupokelewa kwenye ndoo kwanza, kuchuja ni baadaye. Tengeneza jedwali ambalo kila safu ni `text`:

```
CREATE TABLE mapokezi (
  mstari bigserial,
  stakabadhi text, jina text, nida text, simu text,
  kata text, tarehe text, kilo text, malipo text
);
```

Safu ya `mstari` haimo kwenye faili. Hifadhidata itaijaza yenyewe kwa mfuatano, ili ukikuta kasoro ujue kwenye faili uiangalie wapi.

"Si nitafanya kazi mara mbili?" Hapana. Jedwali lenye aina za namba na tarehe hukataa faili zima kwa sababu ya kisanduku kimoja kilichoandikwa "hakuna". Unarekebisha, unajaribu, linakataa kingine. Likiwa maandishi, linaingia lote, kisha unaziona kasoro zote kwa pamoja.

## Kuingiza

Kwenye `psql`, tukichukulia kwamba faili letu linatenganishwa kwa nukta mkato:

```
\copy mapokezi (stakabadhi, jina, nida, simu, kata, tarehe, kilo, malipo) FROM 'asali.csv' WITH (FORMAT csv, HEADER true, DELIMITER ';', ENCODING 'UTF8')
```

Makosa yanayorudiwa hapa:

- Kuikata amri ya `\copy` katika mistari miwili. Lazima iwe mstari mmoja.
- Kuandika `COPY` bila mkwaju wa nyuma. Hiyo hutafuta faili kwenye seva, siyo kwenye laptopu yako, kisha unaambiwa faili halipo wakati unaliona kwa macho yako.
- Kusahau kutaja safu kwenye mabano, hivyo stakabadhi ikaenda kwenye `mstari`.
- Kusahau `HEADER`. Neno "jina" linakuwa mwanachama wa kikundi.

Ukiona `extra data after last expected column`, kuna mstari wenye safu nyingi kuliko ulizotaja, na mshukiwa wa kwanza ni kitenganishi kisichofungiwa semi. Ukiona `missing data for column`, mara nyingi kitenganishi ulichotaja sicho. Kosa likitokea, PostgreSQL haiachi nusu ya faili ndani: ama lote ama hakuna.

MySQL inafanya kazi hiyohiyo hivi:

```
LOAD DATA LOCAL INFILE 'asali.csv' INTO TABLE mapokezi
CHARACTER SET utf8mb4
FIELDS TERMINATED BY ';' OPTIONALLY ENCLOSED BY '"'
LINES TERMINATED BY '\r\n'
IGNORE 1 LINES
(stakabadhi, jina, nida, simu, kata, tarehe, kilo, malipo);
SHOW WARNINGS;
```

Hapa kuna mitego miwili. Faili la Windows huishia kwa `\r\n`. Ukiandika `\n` peke yake, safu ya mwisho inabaki na herufi isiyoonekana mkiani, na hakuna ulinganisho utakaokubali. Pili, kwa neno `LOCAL`, MySQL hugeuza makosa ya data kuwa maonyo na kuendelea. Inakuambia imemaliza salama wakati imekata maneno njiani. Usiruke `SHOW WARNINGS`. Ikikwambia upakiaji wa `LOCAL` umezimwa, ndivyo ilivyo toka toleo la 8.0: uwashe `local_infile` upande wa seva na upande wako.

Wanaotumia phpMyAdmin: ukomo wa ukubwa wa faili umeandikwa kwenye ukurasa wa Import wenyewe. Ukizidi, tumia amri hii.

Baada ya kuingiza, hesabu: `SELECT count(*) FROM mapokezi;`. Ilingane na ile ya karatasi. Isipolingana, usisonge mbele.

## Kusafisha: tazama kwanza, badilisha baadaye

Kila safu iulize ina nini kisichotarajiwa. Kwa kilo, kwa mfano:

```
SELECT mstari, kilo FROM mapokezi
WHERE kilo !~ '^[0-9]+([.,][0-9]+)?$' OR kilo IS NULL;
```

Hapo ndipo utakutana na "hakuna", "-", "12kg" na herufi O iliyowekwa badala ya sifuri.

Simu. Ondoa kila kisicho tarakimu, kisha tazama urefu. Tarakimu kumi zinazoanza na 0: ziko sawa. Tarakimu tisa: ongeza 0 mbele. Kumi na mbili zinazoanza na 255: badilisha 255 iwe 0. Urefu mwingine wowote usiuguse, ukamuulize mwenyewe.

Fedha. Makarani wetu huandika `45,000/=`. Kufuta kila kisicho tarakimu kunatoa 45000, vizuri. Lakini faili hilohilo likiwa na `45,000.00`, njia hiyo inakupa 4500000, na mfugaji nyuki mmoja anakuwa tajiri wa Kibondo kwa dakika moja. Tafuta zenye nukta kwanza, ukate senti ndipo ufute mengine.

Tarehe. Usiiachie hifadhidata ikisie. Taja mpangilio: `to_date(tarehe, 'DD/MM/YYYY')`, au kwa MySQL `STR_TO_DATE(tarehe, '%d/%m/%Y')`. Kama faili lina tarehe za kuzaliwa pamoja na NIDA, una kipimo cha bure: tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Linganisha. Ukikuta watu wengi ambao siku na mwezi vimebadilishana, faili lilipita kwenye kompyuta ya mpangilio wa Kimarekani.

Ritifaa. Kwenye CSV haina shida. Shida inakuja kwa wanaotunga amri za `INSERT` ndani ya Excel kwa kuunganisha visanduku: neno "ng'ombe" likifika, amri inavunjika. Acheni mtindo huo. Angalia pia kwamba baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda, `ng’ombe`, na kompyuta huandika iliyonyooka, `ng'ombe`. Kwa hifadhidata hayo ni maneno mawili. Zifanye zote ziwe aina moja.

## Kata na wilaya, kazi kubwa ya huku kwetu

Safu ya kata ndiyo itakayokula muda wako. Utakuta Heru Juu, Heru-Juu, HERUJUU na "Heru juu " yenye nafasi mkiani. Na kwa kuwa *r* na *l* hubadilishana midomoni, utakuta Nyarugusu na Nyalugusu kwenye faili moja.

Usisahihishe mstari mmoja mmoja. Fanya hivi:

1. Tengeneza jedwali la `kata` lenye namba, jina sahihi na halmashauri. Lichukue kwenye orodha rasmi ya halmashauri, siyo kichwani.
2. Tengeneza jedwali la `tahajia` lenye safu mbili: jinsi ilivyoandikwa, na namba ya kata. Kila tahajia mpya unaiongeza mara moja, na faili la mwezi ujao linanufaika.
3. Tafuta zilizobaki:

```
SELECT m.kata, count(*) FROM mapokezi m
LEFT JOIN tahajia t ON t.ilivyoandikwa = lower(trim(m.kata))
WHERE t.kata_id IS NULL
GROUP BY m.kata ORDER BY 2 DESC;
```

Kwenye `tahajia` maneno yote yaandikwe kwa herufi ndogo, ndivyo ulinganisho huu unavyofanya kazi.

Kisha kuna wilaya, kwa mafaili yenye safu hiyo. Mwaka 2012 Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo, na Buhigwe kutoka Kasulu. Faili la zamani litasema Muhange iko Kibondo na Manyovu iko Kasulu, na kwa wakati wake lilikuwa sahihi. Ukijumlisha kwa safu ya wilaya kama ilivyoandikwa, utapata Kibondo iliyoporomoka ghafla, halafu mtu ataandika ripoti kueleza sababu za anguko hilo. Usiihamishe safu ya wilaya kabisa. Acha wilaya itokane na jedwali la kata. Na "Kasulu" peke yake haitoshi, kwa maana kuna Halmashauri ya Mji na kuna Halmashauri ya Wilaya. Mwenye faili ndiye anayejua alimaanisha ipi. Mpigie.

## Kuhamisha kwenye jedwali halisi

```
BEGIN;
INSERT INTO mauzo (stakabadhi, kata_id, tarehe, kilo, malipo)
SELECT trim(m.stakabadhi), t.kata_id,
       to_date(trim(m.tarehe), 'DD/MM/YYYY'),
       replace(trim(m.kilo), ',', '.')::numeric,
       regexp_replace(m.malipo, '[^0-9]', '', 'g')::integer
FROM mapokezi m
JOIN tahajia t ON t.ilivyoandikwa = lower(trim(m.kata));
SELECT count(*), sum(kilo), sum(malipo) FROM mauzo;
```

Kama jedwali la `mauzo` lilikuwa tupu, idadi na jumla hizo zilingane na karatasi yako. Kama lilikuwa na data za miezi iliyopita, chukua jumla kabla na baada, utoe. Zikilingana andika `COMMIT;`, zisipolingana `ROLLBACK;` na hakuna kilichoharibika. Umeme ukikatika katikati, na huku kwetu hukatika, muamala ambao haujathibitishwa unafutika wenyewe. Kwa MySQL hilo linategemea jedwali kuwa la InnoDB. Majedwali ya zamani ya MyISAM hayana ulinzi huo.

Onyo: `JOIN` hii huacha kimyakimya kila mstari ambao kata yake haimo kwenye `tahajia`. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Ndiyo sababu nasisitiza hesabu.

Weka pia `UNIQUE` kwenye namba ya stakabadhi. Faili moja kuingizwa mara mbili ni ajali ya kawaida kuliko zote, hasa linapotumwa tena kwa jina `asali_mwisho2.csv`. Usiiweke kwenye jina la mtu pamoja na tarehe, maana mfugaji anaweza kuleta asali mara mbili kwa siku.

## Mnayopinga

"Faili langu lina mistari mia mbili tu." Kama halitarudi tena, baki na Excel, hifadhidata ya nini? Kama linakuja kila mwezi, andika hatua hizi kwenye faili la amri sasa, na mwezi ujao ni kubadilisha jina tu.

"Nitumie NIDA kama ufunguo wa msingi." Usifanye hivyo. Wapo wakimbizi wasio na NIDA, wapo watoto wasio nayo, na wapo watu wazima ambao namba zao bado. Wape wote namba yako ya ndani, NIDA iwe safu ya kawaida inayoruhusiwa kuwa tupu.

"Basi jina." Hilo ndilo baya zaidi. Kwa Warundi wengi, mtoto hana lazima ya kuchukua jina la baba, na jina la Kirundi huweza kutangulia lile la ubatizo. Ukigawa jina katika "la kwanza, la kati, la ukoo" kwa kuhesabu nafasi, unatunga ukoo usiokuwepo. Liache jina zima kwenye safu moja.

"PostgreSQL haiwezi kuruka mistari mibovu?" Toka toleo la 17 la mwaka 2024 inaweza, kwa `ON_ERROR ignore`, ila kwa makosa ya aina ya data tu. Mimi siipendi kwa kazi hii. Mstari ulioachwa ni kilo za mtu ambaye atakuja dirishani kudai malipo yake.

## Flashi na WhatsApp

Majina, NIDA, simu na hali ya ukimbizi ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika toka Mei 2023. Hata bila sheria, orodha ya watu wa kambini ikidondoka kwenye mikono isiyostahili inaweza kumdhuru mtu. Kwa hiyo:

- Usitume faili kwenye kundi la WhatsApp. Litabaki kwenye simu ya kila aliyemo, pamoja na aliyehama kazi.
- Flashi iwe na nywila, na faili lifutwe likishaingizwa.
- Ukitaka msaada wa fundi, mpe mistari michache yenye majina ya kubuni. Kitenganishi na usimbaji vitakuwa vilevile, na hilo linamtosha.
- Nakala ya asili ibaki sehemu moja inayojulikana, kwenye kompyuta yenye nywila, na aandikwe nani anaifungua.
- Mwezi ukishafungwa na jumla kukubaliwa na mhasibu, futa yaliyomo kwenye jedwali la mapokezi: `TRUNCATE mapokezi;`. Ukiliacha, faili lijalo litaingia juu ya hili, na hesabu zote utaanza upya.